Kubonyeza na Kugusa: Gari Linapomtaka Dereva Asome

Magari mapya yanapoteza vitufe. Ukiingia katika gari la umeme la miaka hii, mbele ya dereva utakuta usukani, pedeli mbili na kioo kimoja kikubwa cha kugusa. Kuongeza hewa baridi, kubadilisha mwendo wa waipa za mvua, kugeuza vioo vya pembeni, na katika aina nyingine hata kufungua kisanduku cha makaratasi: kazi hizi zote zimehamia ndani ya kioo. Je, dereva amefaidika au amepata hasara? Ubishi huu kwa kawaida huachiwa wahandisi na polisi wa barabarani. Mimi nataka kuuleta katika kitivo chetu, kwa sababu ndani yake mna swali la isimu. Kitufe ni ishara inayosomwa kwa mkono. Kioo ni matini inayosomwa kwa jicho, na matini lazima iandikwe kwa lugha fulani. Kwa dereva wa Kindu, lugha hiyo mara nyingi haitakuwa yake.

Vitenzi vinatuambia nini

Tuanze na kile tunachokijua vizuri. Kitenzi bonyeza kimetokana na bonyea, yaani kuingia ndani kwa kusukumwa, kama embe lililoiva au ubavu wa sufuria uliogongwa. Uhusiano wake ni ule ule wa legea na legeza, potea na poteza. Mimi ninabonyeza, kitu kinabonyea. Sarufi yenyewe imeweka pande mbili: mtendaji anayesukuma na kitu kinachoitikia. Bofya nacho, kabla hakijapelekwa kwenye kompyuta, kilikuwa kuminya kitu kwa kidole ili kujua kama ni laini. Mtu alibofya tunda, na tunda lilimjibu kama limeiva au bado. Wale kati yetu wanaosema finya wana wazo hilo hilo la nguvu inayoingia ndani ya kitu.

Gusa ni kitenzi cha namna nyingine. Kitu kinachoguswa hakilazimiki kufanya lolote. Ninaweza kugusa ukuta tangu asubuhi hadi jioni, ukuta usibadilike. Ndiyo maana watafsiri wa programu za simu walipoandika "Gusa hapa" walichagua vizuri: kioo hakibonyei. Kidole hakipati jibu, kwa hiyo jicho hulazimika kwenda kuangalia kama amri imepokelewa.

Wenzangu wa rika langu wengi walianza na simu ndogo za vitufe. Wanakumbuka kwamba mtu aliyezizoea aliweza kuandika ujumbe simu ikiwa chini ya meza, macho yakimwangalia mwalimu. Kwenye kitufe cha tano kulikuwa na kituta kidogo. Kidole kilikitafuta, kikakipata, na kutoka hapo kilijua mahali pa namba zote nyingine. Kituta hicho ni ishara kamili. Kina umbo, kina maana, na hakimwulizi mtu anasema lugha gani. Kwenye simu ya kioo kituta kimeondoka, na kuandika bila kutazama kumeondoka pamoja nacho.

Kinachotokea barabarani

Katika gari, kutazama kuna gharama inayopimika. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 22 hivi katika sekunde mbili. Katika barabara zetu, ambako baiskeli ya mawese, mbuzi na watoto wa shule hugawana njia moja na pikipiki, mita 22 ni nyingi.

Mwaka 2013 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa mwongozo kwa watengenezaji wa magari: kazi yoyote ya kwenye kifaa cha ndani ya gari isimtake dereva aondoe macho barabarani kwa zaidi ya sekunde mbili kwa mara moja, na jumla isizidi sekunde 12. Mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, lilipima magari 11 mapya yenye vioo pamoja na Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, madereva walipewa kazi chache za kawaida, kama kurekebisha joto la ndani na redio. Katika Volvo ya zamani kazi zote zilikwisha kwa sekunde 10, gari likiwa limepita mita 306. Katika gari lililoshika mkia, MG Marvel R ya umeme, zilichukua sekunde 44.6, zaidi ya mita 1300. Madereva walikuwa wamepewa muda wa kuyazoea magari kabla ya jaribio, kwa hiyo tofauti hiyo haikutokana na ugeni.

Ujerumani jambo hilo lilifika mahakamani. Mwezi Machi 2019, karibu na Karlsruhe, dereva wa Tesla alikuwa akiendesha katika mvua kubwa. Alipotaka kubadilisha mwendo wa waipa alilazimika kuingia kwenye menyu ya kioo. Gari likatoka barabarani, likagonga kibao na miti. Mahakama ilimtoza euro 200 na kumzuia kuendesha kwa mwezi mmoja. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya mkoa huo ilithibitisha hukumu. Kwetu wanaisimu kesi hiyo ni somo la semantiki, kwani ilibidi majaji waamue maana ya "kifaa cha elektroniki" katika sheria iliyoandikwa hasa kwa ajili ya simu. Walisema kioo kilichofungwa ndani ya gari nacho ni kifaa cha namna hiyo, hata kama kinatumika kuendeshea waipa.

Baharini nako walijifunza kwa uchungu. Tarehe 21 Agosti 2017 manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 walikufa. Uchunguzi ulitaja, pamoja na mambo mengine, mkanganyiko wa mabaharia mbele ya vioo vya kugusa vilivyotumika kuongoza meli. Mwaka 2019 jeshi la majini la Marekani likatangaza kwamba litarudisha vishikio vya mkono vya kuongozea mwendo katika manowari za aina hiyo.

Sasa watengenezaji wa magari nao wanageuka. Euro NCAP, taasisi inayopima usalama wa magari Ulaya, imeingiza katika vigezo vyake vya mwaka 2026 sharti la vidhibiti vya kushika kwa kazi tano za msingi: indiketa, taa za dharura, honi, waipa na wito wa msaada. Mwaka 2025 mkuu wa usanifu wa Volkswagen, Andreas Mindt, alieleza kwamba magari yajayo ya kampuni hiyo yatarudishiwa vitufe kwa kazi zinazotumika mara nyingi, kama sauti na joto.

Kwa nini basi vitufe viliondolewa? Sababu kubwa ni fedha na muda. Kila kitufe kinahitaji kuchongewa umbo lake, kuvutiwa waya na kupimwa, na kikishawekwa hakibadiliki. Ukurasa wa kioo unaweza kubadilishwa hata baada ya gari kuuzwa. Tuseme pia wazi kwamba umeme haulazimishi kioo. Pikipiki za umeme zinazobeba abiria Kigali zimebaki na swichi za kidole gumba kwenye usukani, palepale motari wa Kindu anapozikuta kwenye pikipiki yake ya petroli. Motari akihama kutoka moja hadi nyingine, mkono wake hauhitaji kujifunza upya.

Bati letu ndani ya kioo

Kioo cha kugusa kinamjuaje mguso? Juu yake mara nyingi hupakwa utando mwembamba sana, unaopitisha mwanga na pia umeme. Mwili wa binadamu nao hupokea umeme kidogo. Kidole kikikaribia, chaji ya mahali pale hubadilika, na kompyuta huhesabu mahali palipobadilika. Kwa hiyo tone la maji linaweza kukichanganya kioo, na glovu nene inaweza kukifanya kisisikie kitu. Kitufe hakijali kama kidole kimelowa.

Utando huo kwa kawaida hutengenezwa kwa oksidi ya madini mawili, indiamu na bati. Bati hutokana na kasiteriti, na kasiteriti ni jiwe ambalo mtoto wa Maniema halihitaji maelezo: linachimbwa Kalima, Punia na Kailo. Kobalti ya betri nayo hutoka kwa wingi Kolwezi, kwani Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Sisemi kwamba kila kioo kina bati la Kalima. Ninasema kwamba nchi yetu imo katika gari la umeme kwa upande wa madini, lakini kwa upande wa maneno haimo. Upande huo wa pili ndio unaokihusu kitivo chetu.

Mama wa Kijapani

Mfano wa kutoelewana na gari tunao tayari, tena si wa gari la umeme. Magari mengi yaliyotumika, yale tunayoyaita okazio, yanayofika mashariki mwa Kongo na Afrika Mashariki yote, yametoka Japani. Ukiwasha gari la namna hiyo, mara nyingi sauti ya mwanamke hutamka sentensi kwa Kijapani. Dereva mmoja wa hapa mjini aliniambia kwamba mama huyo humsalimu kila asubuhi. Nilipomweleza kwamba mama huyo hukumbusha tu kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, alicheka, akasema kwa barabara hizi zetu angelipia nini.

Nilimwomba anioneshe vitu anavyovitumia. Taa, waipa, indiketa, feni, joto: vyote alivishika bila kutazama na bila kusita. Kioo cha ramani kilichokuwa katikati, chenye maandishi ya Kijapani, hakukigusa. "Hiki kimekufa," alisema, ingawa kilikuwa kinawaka. Katika gari moja, kwa dereva mmoja, vidhibiti vilivyotoka Japani vilikuwa hai na kioo kilichotoka Japani kilikuwa kimekufa, na kilichovitofautisha ni lugha tu.

Tukikumbuka mgawanyo wa Charles Peirce tulioufundishwa mwaka wa kwanza, jambo linaeleweka. Alama nyingi za vitufe ni ikoni: picha ya feni, ya taa, ya kioo kinachofutwa. Zimewekewa kiwango cha kimataifa, ISO 2575, ili gari la nchi moja liendeshwe katika nchi nyingine. Mahali na umbo la kidhibiti ni kielekezi: kijiti kilicho kando ya usukani huelekea chini, na indiketa inaonesha kushoto au kulia kwa kufuata mwendo wa mkono. Kinachobaki, yaani neno lililoandikwa, ni alama ya mapatano, na mapatano hayo wanayo wasemaji wa lugha ile tu. Kitufe hutumia zaidi aina mbili za kwanza. Menyu ya kioo, yenye kurasa ndani ya kurasa, hutegemea aina ya tatu.

Hapa ndipo kuna hatari kwetu. Magari hutufikia baada ya kutumika miaka mingi kwingine. Yale yanayotengenezwa leo ndiyo okazio za kesho. Ethiopia, iliyotangaza mwanzoni mwa 2024 kuzuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli, imekwisha kuyaonja. Katika barabara za Addis Ababa yanapita magari ya umeme yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Uchina, kama Volkswagen ID.6, ambayo haikukusudiwa kuuzwa kwingine. Gari la namna hiyo linapofika mikononi mwa mtu asiyesoma Kichina, si ramani peke yake inayokufa. Vidhibiti vya kila siku vilivyomo ndani ya kioo navyo vinakuwa mashakani.

Kioo kingesema Kiswahili

Mtu atajibu: basi tutafsiri. Mimi mwenyewe ningependa kazi hiyo, lakini tuitazame kwa makini kabla ya kuisifu.

Tatizo la kwanza ni upatanisho. Mhandisi huandika neno moja la "wazi" na moja la "zimwa", kisha analitumia mahali arobaini. Kiingereza kinamruhusu. Kifaransa kinamsumbua kidogo, kwa sababu ya jinsi mbili za nomino. Kiswahili kinamkatalia kabisa: taa imewashwa, kiyoyozi kimewashwa, vifuta-kioo vimewashwa, upepo umewashwa. Mtafsiri hupewa neno peke yake, bila nomino, naye hulazimika kubahatisha ngeli. Akiandika "Washa", dereva hajui kama kioo kinamwambia hali ilivyo au kinampa amri. Kitufe cha kuzungusha hakina ngeli. Kikielekea juu kimewashwa, kikielekea chini kimezimwa, na kidole kinajua.

Tatizo la pili ni wingi wa maana. "Funga" juu ya kioo cha gari ni nini: funga dirisha, funga mlango kwa ufunguo, au funga mkanda? Tena kwa wengi wetu redio hufunguliwa na kufungwa, wakati kamusi hupenda iwashwe na kuzimwa. Katika mazungumzo hatupotei, kwa sababu nomino iko karibu na mkono unaonesha. Kwenye kioo nomino imeachwa nje ili nafasi itoshe.

Tatizo la tatu ni Kiswahili kipi. Dereva wa Dar es Salaam ana waipa na honi; wetu ana esiglasi na klaksoni, maneno ya Kifaransa yaliyozoea sauti zetu. Neno kiyoyozi tunalisoma vitabuni, ila katika mitaa ya Kindu ukilitamka, wengi watakuuliza unatafuta nini. Tafsiri itakayofanywa Nairobi au Dar es Salaam itaandikwa "Kiswahili" kwenye orodha ya lugha, na dereva wetu ataichagua kwa furaha, halafu atasita kwenye kila mstari wa pili. Kusita huko sekunde mbili, tumeona, ni mita 22.

Haki ya kioo

Nisikionee kioo. Kitufe kilichoandikwa kwa Kiingereza kitabaki na Kiingereza hadi gari liende kuwa vyuma chakavu. Kioo, watengenezaji wakitaka, kinaweza kupewa lugha mpya kwa siku moja. Kamera ya nyuma, ambayo imeokoa watoto wengi nyuma ya magari, inahitaji skrini. Ramani vilevile. Na mtu asiyesoma kabisa anaweza kusaidiwa na picha kubwa kuliko kitufe kidogo chenye herufi tatu.

Wengine wanasema jibu liko katika sauti: dereva aseme, gari litii. Inawezekana. Lakini mashine hutambua usemi kwa kufundishwa kwa sauti zilizorekodiwa, na iliyofundishwa kwa Kiswahili cha pwani peke yake itamsikia mtu wa Maniema kama mgeni. Kabla gari halijatuelewa, lazima mtu aende na kinasa sauti Kasongo, Kibombo na hapa Kindu, arekodi watu wanavyosema kweli.

Kazi iliyo mbele yetu

Kutokana na haya naona kanuni rahisi. Kazi inayofanywa gari likitembea iachiwe mkono, na ishara yake iwe ya kushika. Kazi inayofanywa gari likiwa limesimama inaweza kuachiwa jicho, na hiyo ndiyo inayohitaji lugha yetu. Hatuna kiwanda cha magari cha kukishurutisha kufuata kanuni hii. Hata hivyo, wanunuzi wetu wanaweza kuulizwa swali moja kabla ya kulipia okazio ya umeme: je, waipa, taa na feni vina vidhibiti vya mkono, na kioo kinakubali lugha gani?

Upande wetu kama kitivo, napendekeza jambo dogo linaloweza kufanywa na wanafunzi wachache katika muhula mmoja: kukaa na madereva, mafundi wa gereji na motari, na kuandika maneno wanayoyatumia kwa kila kidhibiti, pamoja na sentensi nzima wanazoyatumia. Ni lazima ziwe sentensi, kwani neno peke yake halioneshi ngeli wala halioneshi kama ni amri au hali. Orodha hiyo ikilinganishwa na istilahi za Tanzania na Kenya, itaonesha ni wapi Kiswahili kimoja kinatosha na ni wapi hakitoshi. Siku mtengenezaji atakapotafuta tafsiri, atakuta maneno ya watu wa hapa yameshaandikwa. Mimi nimeanza na vidhibiti kumi na viwili vya pikipiki, na daftari langu liko wazi kwa yeyote anayetaka kuongeza.